Naomba ushauri: kijana wangu kutembea kwa miguu Tororo hadi Namugongo ili imani imkae

MamaO_Tororo

Habari zenu wana jukwaa. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba msinicheke.

Nina kijana wa miaka 15, yuko S.2 (kidato cha pili). Kikundi cha parokia kinaondoka hapa Tororo kwa miguu tarehe 25 Mei, kifike Namugongo, karibu na Kampala, tarehe 1 Juni jioni, tayari kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3. Kijana ameomba aende na mimi nataka aende. Kaka yake alikulia altareni, akamaliza S.6, akaenda Kampala, na sasa hata Pasaka haendi misa. Huyu wa pili sitaki imani yake iwe ya kusukumwa na mama. Nataka apate jambo moja kubwa, ambalo hata akifika miaka 50 atasema: pale ndipo nilipomjua Mungu.

Naomba kujua: avae viatu gani? Aandaliwe vipi kiroho ili isiwe matembezi tu? Na chakula pamoja na dawa zake abebe mwenyewe au viwekwe kwenye gari la kikundi?

Bwana_Viatu

Mama, la kwanza: viatu visiwe vipya. Watu hununua raba ya kung'aa wiki ya safari, na wakifika Bugiri wanaingia kwenye gari la wagonjwa. Avae raba za kukimbilia alizokwisha kuzivaa wiki 4 hadi 6. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana mguu huvimba ukitembea saa nyingi. Kama lazima anunue, aende dukani jioni mguu ukiwa umeshachoka.

Soksi mbili kila mguu, nyembamba ya nailoni ndani na nene nje. Hivyo msuguano unakuwa kati ya soksi na soksi, ngozi inapona. Soksi za pamba tupu zinanyonya jasho na kukaa nalo, ngozi inalainika, ndipo malengelenge yanapotokea. Vaseline kisigino na katikati ya vidole kabla ya kuondoka. Akisikia mahali panachoma asimame HAPO HAPO abandike plasta, asingoje kituo cha mbele. Lengelenge dogo lisitobolewe. Ule utaalamu wa kupitisha sindano na kuacha uzi ndani ya lengelenge ni kuukaribisha uchafu kwa heshima zote.

Namba ya mguu wake ni ngapi?

Mtembezi_256

Tororo hadi Namugongo ni karibu kilomita 200. Siku 8 ni wastani wa kilomita 25 kwa siku, mwendo wa kawaida kwa mtu mzima mwenye afya. Vikundi vinavyojua kazi huondoka saa 10 alfajiri, hutembea hadi saa 4 au 5 asubuhi, hupumzika jua likiwa kali, kisha huanza tena saa 10 jioni hadi giza linapoingia. Siku inayovunja watu ni ya tatu. Ya kwanza wana wimbo, ya pili wana aibu ya kurudi, ya tatu magoti yanasema ukweli.

Barabara yenyewe ndiyo hatari kuliko uchovu. Hii ndiyo njia ya malori ya mpaka wa Malaba. Gari Uganda hupita kushoto, kwa hiyo tembeeni upande wa kulia mkiyatazama yanayokuja, mstari mmoja au miwili, wa mbele na wa nyuma wavae fulana za kung'aa na kushika tochi. Kutoka Jinja ukivuka Nile kuna Njeru, halafu msitu wa Mabira kabla ya Lugazi. Mabira isipitwe usiku wala na mtu aliyebaki nyuma peke yake. Kisha Mukono, Seeta, Bweyogerere, Kireka, hapo mnakata kulia kwenda Kyaliwajjala na Namugongo.

Maji: nusu lita kwa saa mkitembea, zaidi kidogo jua likichoma. Asinywe maji matupu lita nyingi kwa mkupuo, chumvi ya mwilini hupungua na mtu huanza kizunguzungu na kutapika akidhani ni kiu. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chakula ni posho (ugali) na maharage ya parokia mtakazolala, ndizi na karanga njiani.

Kijana_wa_Kireka

Mama, basi la Tororo–Kampala lipo, viti laini na mhubiri wa bure ndani hadi Mukono. Mbingu ni ile ile.

Katekista_Mstaafu

Huyu mpuuze, Mama O. Nijibu la pili, maana la viatu limejibiwa vizuri.

Safari haianzi 25 Mei. Novena ya Mashahidi huanza siku hiyo hiyo na kumalizika 2 Juni, kwa hiyo mtakuwa mnaisali barabarani. Kabla ya hapo kijana ahitaji mwezi mzima. Wiki ya kwanza asome habari za Mashahidi, wale Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Si majina 22 ya kukariri, achukue wawili au watatu. Kizito, aliyekuwa na miaka kama 14. Mbaga Tuzinde, ambaye mkuu wa wauaji, Mukaajanga, alikuwa mlezi wake na alimsihi akane hadi dakika ya mwisho. Matia Mulumba, mtu mzima mwenye familia, aliyekatwakatwa Old Kampala akaachwa akae siku kadhaa akifa. Hao hawakufanana, na kijana ataona yupi anamsumbua. Wiki ya pili aandike swali lake mwenyewe kwa Mungu, moja, kwenye karatasi ambayo mama hataisoma. Wiki ya tatu aende kuungama. Wiki ya nne atafutiwe mtu mzima ndani ya kikundi wa kutembea naye, asiwe mzazi wake. Watoto husema kwa mtu wa kando mambo ambayo kwa mama hayatoki.

Na akirudi, ndani ya siku chache asimulie kwenye jumuiya ndogondogo, dakika 5, halafu apewe kazi: kusoma somo, kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza, chochote. Tukio lisilopewa kazi huwa picha ya simu.

MlokoleWaMbale

Mimi ni Mlokole wa Kanisa la Uganda, sitazungumzia viatu. Mama, kutembea hakuokoi mtu. Rejeeni uamsho wetu wa Afrika Mashariki. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Wengi wanataja siku hiyo kama muujiza, sawa, lakini kilichoufanya uamsho ufike Rwanda, Kenya na Tanganyika ni mikutano ya kila wiki: watu kuketi, kuungama dhambi zao kwa kuzitaja moja moja, kulipa madeni, kurudisha ng'ombe waliyoiba. Huko ndiko "kutembea nuruni". Leo kambi za vijana zinawasha moto usiku, kinanda kinalia, watoto wanatoka mbele. Kuna vijana hapa Mbale wameokoka mara 5 na kila likizo wanaokoka upya.

Kwa hiyo kama unataka "jambo moja kubwa", unatafuta kitu ambacho peke yake hakijawahi kutosha.

Katekista_Mstaafu

Ndugu, hapo mbona tunakubaliana. Tena tazama Mashahidi wenyewe. Padri Lourdel na Bruda Amans walifika Februari 1879. Novemba 1882 mapadri wakaondoka Buganda, wakarudi Julai 1885. Karibu miaka 3 hakuna padri, hakuna misa, na wakati ule Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa ameagiza mtu afundishwe miaka 4 kabla ya ubatizo. Waliobaki walifundishana wao kwa wao: Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886 kule Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake ambao hawakuwa wamebatizwa, Kizito akiwemo. Watu hukumbuka usiku ule. Ila usiku ule ulikuta vijana waliokwisha kufundwa.

Nesi_Zamu

Samahani nakatiza darasa. Mama O, umeandika "dawa zake". Kijana wa miaka 15 ana dawa zake za nini?

MamaO_Tororo

Asanteni sana nyote, Mungu awabariki. Katekista, nimenakili yote. Bwana Viatu, ni namba 41. Je, magunia ya kulalia yanapatikana Tororo au nitume mtu Mbale?

Nesi_Zamu

Nnyabo, nimeuliza dawa.

MamaO_Tororo

Ni za kawaida tu nesi, za kuongeza damu. Foliki.

Nesi_Zamu

Foliki peke yake? Kila siku? Kuna ya pili?

MamaO_Tororo

Kuna vidonge vingine, haidroksiyurea.

Najua mtasema nini. Ndiyo, ana sikoseli. Lakini yuko vizuri, tangu aanze hivyo vidonge maumivu yamepungua sana. Mwezi wa tatu alilazwa, akaongezwa damu, akafikia hali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamwachia Mungu. Nikiwa pale wodini niliweka nadhiri: akitoka mzima, atatembea kwa miguu hadi Namugongo kumshukuru Mungu. Alitoka. Sasa mnataka nimwambie Mungu nini?

Mchango nimeshalipa, fulana ya kikundi imeshashonwa. Gari la kikundi lipo, akichoka atapanda. Na kijana ana nguvu, anacheza mpira. Mungu aliyemtoa wodini atamshindwa barabarani?

Nesi_Zamu

Mama, sikugombezi. Nitaeleza jinsi mwili wake unavyofanya kazi, kisha utaamua.

Chembe zake nyekundu zikikosa maji au hewa, au mwili ukipata baridi kali, hukakamaa na kujikunja, zinaziba mishipa midogo. Maumivu ni mishipa iliyozibwa. Sasa panga safari yako juu ya hilo. Saa 10 alfajiri, Mei, mvua za masika hazijaisha: nguo mbichi na upepo wa malori. Saa 4 asubuhi: jasho. Isitoshe figo za mtu wa sikoseli hazibani maji vizuri, hukojoa mengi hata akiwa na kiu, kwa hiyo ile nusu lita kwa saa aliyoandika Mtembezi haimtoshi huyu. Usiku: sakafu ya darasa, mbu, na malaria kwake ndiyo mlango mkubwa wa kurudi wodini. Halafu siku 8 mfululizo, mwili haupati siku ya kujirudisha. Mpira wa dakika 40 akipumzika atakavyo ni jambo jingine kabisa.

Gari la kikundi halitibu. Akipanda tayari ana maumivu, anahitaji maji ya mshipani na dawa kali za maumivu, na kati ya Bugiri na Iganga usiku wa manane utaitafuta hospitali kwa tochi. Na mtu yeyote asimpe diklofenaki au ibuprofeni akiwa amekaukiwa maji, zinaumiza figo, na kwenye misafara kila mwenye mfuko wa dawa anazigawa kama peremende.

Dalili za kukimbiza hospitali bila kungoja asubuhi: homa ya 38.5 au zaidi, kifua kuuma na pumzi kuwa fupi, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, kupauka ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto, na kwa mvulana, uume kusimama kwa maumivu usiteremke. Hilo la mwisho wavulana hulificha kwa aibu. Likidumu kwa muda wa saa 4 ni dharura.

Swali langu: kwenye fomu ya kikundi umeandika ana sikoseli?

MamaO_Tororo

Fomu ina sehemu ndogo tu, "ugonjwa". Nilichora kistari tu. Ningeandika wangemkataa, na nadhiri ingekuwaje? Nimpakize basi kama mzigo wa ndizi? Mashahidi walitembezwa wakiwa wamefungwa minyororo kutoka Munyonyo, hakuna aliyewauliza afya.

Mtembezi_256

Mama, Mashahidi hawakuchagua ile safari. Na mwenye fomu si adui yako. Kiongozi wa msafara hupanga watu kwa fomu zile: nani atembee karibu na gari, nani alale ndani badala ya hemani. Ukificha, msimamizi atamwona kijana anachechemea, atadhani ni uvivu, atampigia makofi na kumwimbia aongeze mwendo. Hivyo ndivyo watu huangushwa na watu wenye nia njema.

Hakimu_Mkavu

Ngojeni kwanza. Nimeusoma uzi huu mara mbili, nanusa chai.

Tarehe 25 Mei hadi 3 Juni muhula wa pili unakuwa umefunguliwa au uko mlangoni. Mtoto wa S.2 anaachiwa vipi siku 10? Hakuna aliyeuliza. Pili, bandiko la kwanza linasema "kijana ameomba aende". Bandiko la nadhiri linasema mama ndiye aliyeahidi wodini. Ni ipi? Tatu, maelezo yanakuja kwa zamu kama mchezo wa redio: kwanza kaka aliyepotea, halafu dawa, halafu wodi, halafu minyororo. Ukurasa wa pili itatokea namba ya simu ya kutumiwa pesa.

Kijana_wa_Kireka

Hakimu umeua. Mimi nimeshaandaa elfu tano hapa naingoja namba.

Bwana_Viatu

Mimi nimeshamtafutia raba ya 41. Kama ni chai semeni mapema.

MlokoleWaMbale

Hata kama ni hadithi, majibu ni ya kweli. Isipokuwa kwamba mahali Mashahidi wengi walipochomwa ni Nakiyanja, upande wetu wa Waanglikana pale pale Namugongo, na watu husahau kwamba kuna Waanglikana 23.

Kijana_wa_Kireka

Imeanza. Basilika na Nakiyanja. Nileteeni njugu.

Katekista_Mstaafu

Hakuna ubishi wa kuleta njugu. Nakiyanja ndipo walipochomwa wengi tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa kando, polepole akianzia miguuni, na hapo ndipo ilipo basilika. Mwenye kwenda afike kote kuwili, ni mwendo mfupi, na makumbusho ya Nakiyanja yana sanamu zinazoonyesha mateso yenyewe. Tumalize hilo, turudi kwa huyu mama.

MamaO_Tororo

Hakimu, sijamwomba mtu hata shilingi mia, na sitaomba.

Shule: alikuwa bweni. Baada ya wodi nilimtoa, sasa anasoma kutwa hapa mjini, na ruhusa nilipanga kuomba kwa barua. Kuhusu kuomba: aliona kaka wa jirani wanajiandikisha akasema "na mimi". Nikadaka neno hilo. Nadhiri hajui. Niliogopa nikimwambia ataona anatembea kulipa deni langu.

Haya, nimesema. Mmefurahi?

Hakimu_Mkavu

Sijafurahi wala sijaamini, ila sasa hesabu inakaa sawa. Na hapo ndipo penye shida kuliko viatu: ulitaka imani isiyosukumwa na mama.

Katekista_Mstaafu

Hakimu, pole pole. Mama O, nisikilize, hili lina jibu na wala halihitaji ujasiri wowote.

Sheria ya Kanisa inasema nadhiri ni ahadi iliyofanywa kwa kufikiri na kwa hiari, mbele ya Mungu, kuhusu jema linalowezekana. Angalia kanuni ya 1191. Kanuni ya 1193 inasema nadhiri kwa asili yake humfunga yule tu aliyeiweka. Uliiweka wewe. Kijana hajafungwa na chochote, hata miguu yake haimo. Halafu 1196: paroko wako anaweza kukuondolea nadhiri ya binafsi kwa sababu ya haki, na ugonjwa wa mtoto ni sababu ya haki. Na 1197: wewe mwenyewe waweza kubadilisha ulichoahidi kwa jema lililo sawa au kubwa zaidi bila kumwomba mtu ruhusa. Likiwa dogo zaidi ndipo unahitaji paroko.

Kwa hiyo nenda ofisini kwa paroko siku ya kazi, si Jumapili baada ya misa watu wakiwa mlangoni. Mweleze matatu: uliahidi nini, ulikuwa katika hali gani, na hali ya kijana ilivyo. Mwombe aibadilishe. Ni mazungumzo ya robo saa. Ukiona soni, anza na la ugonjwa.

Na usome Waamuzi 11. Yeftha naye aliweka nadhiri ambayo mwingine ndiye aliyeilipa.

MamaO_Tororo

Katekista, Yeftha tena? Bambi.

Lakini Hana alimtoa Samweli. Alikuwa mtoto hata hajazaliwa. Mbona yeye anasifiwa?

Katekista_Mstaafu

Swali zuri. Tazama yanayofuata: Hana alimpeleka hekaluni, lakini Bwana alipomwita Samweli alimwita mwenyewe, usiku, kwa jina lake, mara tatu kijana akidhani ni Eli, na kijana ndiye aliyejibu "nena". Mama alimfikisha mlangoni. Eli naye, mzee yule mwenye makosa yake, alifanya kazi moja ya maana: alimfundisha namna ya kujibu, akamwambia arudi akalale. Ndiyo maana nilisema mtu wa kando.

MlokoleWaMbale

Amina kwa hilo, ingawa kanuni zenu za namba siziwezi.

Nikuongezee la kaka yake, maana naona ndilo linalokuendesha. Kijana anayetoka nyumbani baada ya S.6 mara nyingi hukuta imani yake ilikuwa ratiba: kengele, sare, zamu ya altare. Ratiba ikiisha hakuna kilichobaki chenye jina lake. Huyu mdogo muulize maswali ambayo huna majibu yake. Mtoto aliyelala wodini mwezi wa tatu ana la kumuuliza Mungu, na pengine halina adabu. Muache alitamke. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina shukrani hata mstari mmoja mwishoni, na imo ndani ya Biblia. Msomeeni hiyo kabla ya kumtaka ashukuru.

Nesi_Zamu

Na kumbuka kwamba wodi yenyewe ilikuwa tukio. Unamtafutia jambo kubwa barabara ya Jinja na huenda lilishampata akiwa kitandani, hakuna aliyemuuliza.

Mkienda Namugongo kwa gari, mambo ya kufanya: wiki 2 kabla aende kliniki apimwe damu, wakuandikie karatasi yenye ugonjwa, dawa na vipimo vyake, ikae ndani ya mfuko wa plastiki shingoni mwake. Anywe maji tangu siku moja kabla, asingoje kiu. Sweta, kofia, soksi kavu za akiba. Asikeshe uwanjani usiku wa tarehe 2, baridi ya alfajiri ni ile ile hata kama hakutembea. Haidroksiyurea isirukwe kwa sababu ya safari, na ikae mfukoni mwake, si kwenye gari, kwa sababu gari na mtu hupotezana. Chandarua. Kinga ya malaria aliyopewa kliniki aendelee nayo.

Mtembezi_256

Tena msiende tarehe 3. Umati unakuwa mkubwa hadi mtu haoni basilika, anaona migongo. Mtandao wa simu unazidiwa, watoto hupotea, na kutoka na mgonjwa hadi kwenye gari la wagonjwa ni kazi ya saa nzima. Nendeni wiki mbili baadaye, siku ya katikati ya wiki. Anzeni Munyonyo kwa gari asubuhi, hapo ndipo walipohukumiwa na ndipo Lwanga alipobatiza. Pumzikeni. Kisha mwendeshwe hadi Kyaliwajjala, mshuke, mtembee kilomita zilizobaki, hazifiki 4, barabara ina vibanda vya kukaa na maji kila hatua chache. Munyonyo hadi Namugongo yote kwa miguu ni zaidi ya kilomita 20, usijaribu.

Wiki ya msafara wenyewe kijana akibaki Tororo ana kazi pia. Vikundi kutoka Kenya hupitia huko, parokia huhitaji watu wa kuchota maji, kupokea mizigo, kuandika majina ya waliofika.

MamaO_Tororo

Na kama angeungana na kikundi siku ya mwisho tu, kutoka Mukono? Nauliza tu.

Nesi_Zamu

Mukono ni kilomita zaidi ya 15 na ni siku kikundi kinapokimbiza muda kiingie kabla ya giza. Hapana. Kyaliwajjala.

MamaO_Tororo

Sawa. Kesho paroko yuko ofisini hadi saa 6. Fomu nitaichukua kwa kiongozi leo jioni. Kijana nitaongea naye Jumamosi, nikishapata maneno.

Hakimu_Mkavu

Ukipata maneno usiyapambe. Na tuambie paroko alisema nini, ili nijue kama niombe radhi.

Bwana_Viatu

Hii raba ya 41 bado ni nzuri kwa kilomita 4. Aivae nyumbani kuanzia sasa, asubuhi na jioni, na soksi zote mbili.